Bi Mkasi Hataki Kuitwa Mzee

Shangazi yangu amegombana na watu wengi, lakini neno alilogombana nalo maisha yake yote ni moja tu: mzee. Mwite mkali, atakushukuru. Mwite mbishi, atakubishia kwanza halafu akubali. Lakini mwite mzee, au jaribu kupitia uchochoroni kwa kumwita bibi, na ile suruali uliyoleta ipunguzwe utaikuta wiki ya tatu bado iko pale pale, paka ameilalia.

Ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Bi Mkasi, na mgeni akilisikia jina hudhani limetokana na ule mkasi mkubwa wa chuma unaoning'inia kwenye msumari juu ya cherehani yake. Wenyeji tunajua kwamba mkasi wenyewe uko mdomoni. Mimi ni mtoto wa kaka yake, mchora mabango, na kibanda changu cha rangi kimeshikana na kibaraza chake, kwa hiyo nimekatwa na mkasi huo kuliko mtu yeyote aliye hai.

Ukimuuliza ana miaka mingapi, anakuuliza unataka kumshonea nini. Ukimwambia amekula chumvi nyingi, anakujibu kwamba daktari alishamkataza chumvi. Wanaume wenye mvi ndevuni wakimpa shikamoo, huinama kutafuta sindano iliyoanguka mpaka wapite. "Mimi ni mtu mzima," husema. "Mzee ni yule aliyekaa anangoja. Mimi nangoja nini?"

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mtetezi mkuu wa wazee katika mji wetu. Usicheke. Sisi tumeshacheka mpaka tukachoka.

Ilianza na rafiki yake, mkunga mstaafu, ambaye sote tunamwita Mkunga hata sasa kwa sababu amewapokea nusu ya watu wa mtaa huu siku walipoingia duniani, na huwakumbusha. Mkunga ana presha, na kila mwezi huenda kuchukua vidonge katika kituo cha afya kilicho ng'ambo ya barabara, mkabala na kibaraza cha shangazi. Wakati huo dirisha la dawa lilikuwa moja. Mwenye mafua, mwenye mimba, mwenye kidonda, mwenye miguu miwili mizima na mwenye fimbo, wote walipanga mstari mmoja juani. Asubuhi moja Mkunga alisimama pale hadi magoti yakakataa, akaketi chini kwenye vumbi kama mtu aliyeamua tu kupumzika, halafu akalala. Shangazi alimwona akianguka, maana siku zile macho yake yalikuwa bado yanafika ng'ambo ya barabara. Alivuka bila kuangalia magari. Alimbeba na watu wengine hadi kibarazani, akamwagia maji, akamtukana kwa kumtia hofu, na alipoona amefumbua macho akajifunga kitambaa kichwani na kuelekea kwenye ofisi za baraza la mji, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

Sijui wenzetu kwingine hutetea vipi haki za wazee. Nasikia kuna semina na vitabu vyenye picha. Shangazi alikwenda na mapindo. Alibeba sketi za shule ambazo hazijapindwa, akakaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa Afisa Ustawi wa Jamii, akapinda. Kesho yake akarudi na nyingine. Kila diwani aliyepita alisimamishwa.

"Shati hilo nimelishona mimi," alimwambia mmoja wao, mbele ya wageni wake. "Na ninajua nimeliongeza kiunoni mara ngapi. Kaa hapa nikwambie habari ya wazee."

Diwani alikaa. Nani angethubutu kuondoka? Fundi wako wa nguo anajua mambo yako kuliko mkeo, na tofauti ni kwamba mkeo anakupenda. Baada ya muda madiwani walianza kuingia ofisini kwa mlango wa nyuma, na walipochoka kuzunguka jengo lao wenyewe wakapitisha azimio: kituo cha afya kiwe na dirisha la pili, la wazee peke yao, lenye kivuli cha bati na benchi la kuegemea.

Hapo ndipo lilipokuja suala la bango, na hapo ndipo shangazi yangu alipojichimbia kisima.

Afisa Ustawi alikuwa kijana mpole, mwenye tai inayokaa upande, na alikuwa na maneno yake tayari. Alikuja kibandani kwangu, shangazi akiwa amekaa mlangoni kama askari. "Liandikwe hivi," akasema. "Huduma kwa wananchi wenye umri wa miaka sitini na kuendelea, wanawake na wanaume."

Shangazi akaweka kazi chini. "Baba, wewe una mama?"

"Ninaye."

"Ungependa mama yako asimame chini ya bango linalomtangazia miaka yake barabarani, kama bei ya nyanya?"

"Lakini lazima watu wajue ni la nani."

"Kwani mzee hajulikani? Andika Dirisha la Wazee. Maneno mafupi, mazuri, yana heshima. Penye wazee haliharibiki neno."

Kijana alijaribu tena, taratibu, akasema neno mzee lina maana nyingi na litaweza kuleta mkanganyiko. Shangazi akamwambia kwamba alikuwa akizungumza Kiswahili kabla baba yake hajaota meno. Mimi nilikuwa nimeshashika brashi. Ukweli ni kwamba nilimuunga mkono shangazi, maana maneno matatu ni rangi kidogo na herufi zinakaa kubwa. Nikaandika DIRISHA LA WAZEE, buluu juu ya nyeupe, nikaweka na kivuli cha kijivu kwenye kila herufi. Ni kazi nzuri. Kwa herufi silaumiwi.

Siku ya kulizindua dirisha, shangazi alitoa hotuba fupi iliyokuwa ndefu. Alisema wazee si mizigo, wazee ni watu, na mtu haachi kuwa na haraka kwa sababu magoti yake yamepoa. Watu wakapiga makofi. Mlinzi wa kituo, kijana mmoja mrefu mwenye moyo mzuri, akamsogelea na kumwambia, "Bibi, karibu uwe wa kwanza kuhudumiwa." Shangazi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Bibi yako yuko nyumbani kwenu," akasema. "Mimi nimekuja kazini." Mlinzi aliomba radhi, na akajifunza somo lake vizuri kuliko tulivyotaka.

Tangu siku hiyo, kwa miaka kadhaa, shangazi hakukanyaga tena pale. Angekwenda kufanya nini? Yeye si mzee. Kila asubuhi aliketi kwenye cherehani yake, akanyoosha shingo kuelekea ng'ambo ya barabara na kutoa taarifa. "Foleni ya wazee inakwenda vizuri kabisa leo. Watu wamekaa, wametulia, wamevaa vizuri."

"Wamevaa vizuri mno," Mkunga alijibu siku moja, akisugua magoti. Alikuwa ametoka kuchukua vidonge vyake. "Mwenzangu, lile dirisha silielewi. Nimefukuzwa."

"Nani akufukuze? Umekwenda siku isiyo yako."

"Mlinzi ameniambia ni la wazee."

"Basi ulijibu vibaya. Nakujua mdomo wako."

Mkunga alinitazama mimi, mimi nikatazama rangi. Mdomo wake! Hiyo ilikuwa sawa na chungu kumwambia sufuria una masizi. Lakini shangazi alikuwa ameshainamia cherehani na hakutaka kusikia zaidi, kwa sababu lile dirisha lilikuwa kama mwanaye, na hakuna mzazi anayependa kusikia mwanaye ni mtundu.

Kilichokuwa kikitokea mtaa mzima ulikijua isipokuwa yeye. Katika lugha yetu hii tamu, mwanamume akishapata kitambi na gari, ni mzee. Akiwa na vijana watatu anaowatuma, ni mzee. Bosi ni mzee, mwenyekiti ni mzee, mwenye nyumba ni mzee hata kama alizaliwa baada ya wapangaji wake. Na mwanamke? Mwanamke ni mama, halafu akifika mbali ni bibi, na safari inaishia hapo. Kwa hiyo mlinzi alisoma bango langu na kulifuata kama lilivyo. Wanaume wenye funguo za gari mkononi walikaribishwa kivulini, "pita hapa mzee wangu," wakakaa kwenye benchi la kuegemea wakipiga simu. Akina mama wenye fimbo walielekezwa kwenye ule mstari wa zamani kando ya ukuta, kwa adabu kubwa sana.

Na shangazi alikuwa akitazama haya yote kila asubuhi bila kuyaona, kwa sababu, na hili hakumwambia mtu, alikuwa haoni.

Niligundua kupitia mfuko. Mlinzi alimletea kitambaa amshonee shati jipya la kazi, na shati lilipotoka, mfuko wa kushoto ulikuwa kifuani na wa kulia ulikuwa karibu na bega. Kijana wa watu alilivaa hivyo hivyo, akahofia kusema. Nilidhani ni bahati mbaya. Kisha zikaja sketi za shule za buluu zilizoshonwa kwa uzi mweusi, na suruali ya mwalimu mkuu yenye mguu mmoja unaofika kiatuni na mwingine unaokwenda matembezini peke yake. Aliniita kila saa nimtungie uzi kwenye sindano. "Wewe huna kazi," alisema, "tunga." Nikawa natunga. Nilipenda kuitwa. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyetunga sindano gizani tangu ujana wake sasa anahitaji mchora mabango.

Mkunga ndiye aliyemshika. Alimshika hasa, kwa kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamfunua kope kama mtu anayekagua embe sokoni. "Una mtoto wa jicho," akasema. "Tena ni wawili."

Shangazi hajawahi kuzaa. Akacheka kwa ile sauti yake kavu. "Miaka yote ile niliomba mtoto, sikupewa. Leo naletewa, tena pacha, tena machoni." Tulicheka naye. Kisha akaacha kucheka kabla yetu, akaishika meza ya cherehani kwa mikono miwili, na nikaona anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Ilinikaa kifuani siku nzima.

Daktari wa kituo alikuja mwenyewe kumtazama kibarazani, jioni, baada ya kazi, kwa heshima. Alisema wazi. Jicho la kulia limeshafunikwa, la kushoto linafuata. Upasuaji wake ni mdogo na humrudishia mtu macho yake, lakini hapa mjini hakuna wa kuufanya. Kwa bahati, timu ya madaktari wa macho itapita kwa wiki moja mwezi ujao, na lini itarudi tena hakuna anayejua. "Watapima wazee peke yao, kupitia dirisha lenu lile," akasema. "Uje mapema, mama, maana hawataweza kuwafanyia wote."

"Kupitia dirisha gani?" shangazi akauliza.

"La wazee."

"Basi nitasubiri watakaopima watu wazima."

Daktari alidhani ni mzaha. Mimi na Mkunga tulijua si mzaha. Wiki zile zilizofuata tulimwomba kwa zamu. Mkunga alimkumbusha kwamba ng'ombe hazeeki maini, kwamba kusimama dirishani hakumwondolei mtu ujana wa moyo. Shangazi akajibu kwamba yeye si ng'ombe. Mimi nilimwambia atapoteza cherehani. Alikuwa akipapasa kitambaa kwa vidole, akitafuta ukingo wake, na aliupata, na akauanza mshono, na mshono ukaenda upande. Alijua umekwenda upande, maana aliupitishia kidole kuufuata hadi mwisho wake. Akakifunika kichwa cha cherehani kwa kitambaa chake kama mtu anayemfunika mgonjwa. Cherehani ile ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyonisomesha mimi baba alipofariki, na bila macho angekuwa mtu wa kukaa na kungoja. Yaani angekuwa mzee, kwa tafsiri yake mwenyewe.

Jumatatu ya madaktari wa macho ilipofika, aliamka, akavaa gauni lake la kijani, akanipigia ukuta wa kibanda. "Twende unisindikize. Mimi nakwenda kukagua dirisha langu."

Tulivuka barabara. Nilimshika mkono yeye akisema ananishika mimi nisigongwe. Mkunga alikuwa ameshatangulia, amesimama kwenye mstari wa ukutani pamoja na akina mama wengine wengi, jua likiwa limeshawafikia usoni. Kivulini, chini ya bango langu, benchi lilikuwa limejaa mashati yaliyopigwa pasi. Shangazi alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Mama," mlinzi akamwambia kwa upole, mfuko wake wa kulia ukiwa begani, "foleni yenu ni ile ya ukutani. Hapa ni wazee."

"Na huyu aliye mbele yangu ni nani?"

"Huyu ni mzee."

"Mzee nani?"

"Mzee wa Kokoto."

Mwenyewe aligeuka na kutabasamu. Alikuwa kijana aliyenenepa mapema, mwenye lori la kubeba kokoto, na tangu alipolinunua hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa amesikia kuna madaktari wageni akataka ajaribu miwani.

Shangazi akamsogelea hadi pua zikakaribia kugusana, kwa sababu ndiko macho yake yalikoishia. Akamtazama mashavu. Akamgusa moja kwa kidole, kama anavyogusa kitambaa kujua kama ni pamba. "Huyu ni mtoto mchanga," akasema.

"Mama, mimi nafuata bango," mlinzi akajitetea, na masikini alikuwa karibu kulia. "Bango linasema wazee. Huyu kila mtu anamwita mzee. Hawa ni akina mama. Na wewe mwenyewe nilipokuita bibi hapa hapa, mbele ya watu, ulinifukuza. Nifanye nini?"

Nilimtazama shangazi nikitarajia mkasi. Haukutoka. Alisimama pale mdomo wazi kidogo, na niliona neno lake mwenyewe likimrudia usoni, polepole, pamoja na kijana mwenye tai ya upande aliyemwambia litaleta mkanganyiko. Aligeuza kichwa kuelekea ukutani, ambako hakuona kitu ila rangirangi za kanga na vitambaa juani. "Wangapi wako kule?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi, shangazi."

"Mkunga yuko?"

"Yuko. Amekaa chini."

Angeweza kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeshageuza mguu, nikijua namna atakavyosema kwamba ukaguzi umekwisha. Mkono wake ulikuwa umenishika kwa nguvu hadi ukauma. Kisha akaniachia, akajiweka kitambaa sawa, akapaza ile sauti ambayo madiwani walikuwa wakiikimbia.

"Mimi ni mzee," akasema. "Nina miaka sabini na sita."

Kituo kizima kikageuka kumtazama. Mimi ndiye niliyeshtuka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa napiga hesabu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini kwamba yeye ndiye mkubwa wake, na maisha yake yote alimtuma maji.

"Sabini na moja," sauti ikatoka ukutani. Ilikuwa ya Mkunga, bado amekaa chini.

"Sitini na nane," akasema mwingine.

"Mimi sijui mwaka, lakini nilikuwa na mtoto mgongoni barabara hii ilipochimbwa."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wengine wakicheka kwa aibu, wengine wakisema kwa sauti kama wanaotaja ushindi. Shangazi aliwasikiliza hadi wa mwisho. Kisha akamgeukia jirani yake wa foleni. "Na wewe, mzee wangu? Una mingapi?"

Mzee wa Kokoto akashusha sauti. "Thelathini na sita."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio nayo yamezeeka."

Ni haki nimsifu kijana yule. Alicheka yeye kwanza, kabla ya watu, akasema kwa nguvu, "Thelathini na sita, bibi," akaondoka kwenye kivuli, akaenda ukutani akamwinua Mkunga mwenyewe na kumleta kwenye benchi. Wenzake waliobaki walikumbuka ghafla kwamba walikuwa na shughuli. Wawili walikuwa wazee kweli, wakasita, na shangazi akawaambia wakae, hakuna aliyewafukuza.

Afisa Ustawi aliitwa. Alifika na tai yake, akasikiliza mkasa wote, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akicheka, lakini alipoinua uso ulikuwa mkavu. "Bango tuandike vipi?" akauliza.

"Ulivyosema wewe," shangazi akasema. "Miaka sitini na kuendelea, wanawake na wanaume. Na huyu mpwa wangu ataliandika leo leo, kabla ya kula."

Niliandika. Maneno yalikuwa mengi, herufi zikawa ndogo, kivuli cha kijivu hakikuenea. Si kazi yangu bora. Watu wanaisoma.

Shangazi alipimwa siku hiyo, na jicho la kulia likafanyiwa upasuaji kabla ya wiki kwisha, la kushoto likaahidiwa safari ijayo. Alilala kituoni akiwa amefungwa bandeji, akiwaamrisha wauguzi. Alitaka kujua nani aliyewashonea sare, na walipomwambia akasikitika kwa niaba yao.

Walipokuja kumfungua, Mkunga na mimi tulikuwa tumesimama mguuni pa kitanda. Daktari aliivua bandeji taratibu, akampangusa kope, akamwambia afumbue bila haraka. Alifumbua. Jicho lilitembea juu ya dari, likashuka ukutani, likapita dirishani, likamfikia Mkunga na kusimama. "Umekonda," akamwambia. "Kwa nini hukuniambia kwamba umekonda?" Mkunga akasema alikuwa akimwambia kila siku. Shangazi akaendelea kumtazama, halafu akaligeuza jicho kwangu.

Alinitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenzake. Nikatabasamu, nikingoja tusi lolote lile, maana ningelipokea kwa mikono miwili.

"Wewe ni nani?" akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamjibu, "Ni mimi, shangazi," na aliposikia sauti yangu uso wake ulibadilika kabisa.

"Lini umeota mvi hizi?" akaniuliza. "Mbona nimekaa na wewe ukuta kwa ukuta, na mtu niliyekuwa naye kichwani ni kijana?"

Miaka yote hiyo alikuwa akinijua kwa sauti tu, nami nilikuwa nikimtungia uzi na kurudi kwenye rangi zangu. Nikalia pale pale mbele ya daktari, mtu mzima mimi. Akapiga godoro kando yake kwa kiganja.

"Njoo hapa karibu," akasema. "Kaa nikuone."